Msaada wa Sheria na Maneno ya Mlalamikaji katika Manzese, Dar es Salaam, 1971–2021

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni kifupi mno. Chasema ya kuwa, hata ikiwapo desturi isemayo vinginevyo, hapana mtu aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga. Hakikuweka adhabu, wala hakikutaja polisi, wala hakikusema mwanamke aliyepigwa aende wapi. Ni tamko tu. Lakini kwa wakati wake lilikuwa tamko kubwa. Katika Kenya, ambako tume iliyoongozwa na Jaji Spry ilitayarisha mapendekezo yaliyowafaa sana Watanzania katika kutunga sheria yao, muswada wa namna hiyo hiyo ulishindwa Bungeni katika mwaka 1976 na tena katika mwaka 1979, na baadhi ya Wabunge walisema waziwazi kuwa ungemnyima mume uwezo wa kumrudi mkewe. Nchi hiyo haikupata sheria moja ya ndoa hata ulipofika mwaka 2014.

Yafaa neno hilo, kumrudi, litazamwe kwa makini, maana historia ya jambo hili kwa sehemu kubwa ni historia ya maneno. Amrudiye mwenziwe amrejesha katika njia. Yeye ni mwalimu, na apigwaye ni mkosaji. Shauri la mwanamke lililofikishwa mbele ya wazee kwa neno hilo lilikuwa limekwisha kushindwa kabla ya kusikilizwa. Lililofikishwa kwa neno kupiga lilikuwa na nguvu kidogo. Sheria ya mwaka 1971 ilichukua upande wa neno la pili. Walakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na mwanamke aliyeihitaji katika mitaa ya Manzese alisema Kiswahili. Baina yake na kifungu cha 66 walisimama watu wengi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipokea maneno yake na kuyapitisha mbele kwa namna yake.

Manzese yenyewe wakati huo ilikuwa bado mahali papya. Iko kandokando ya barabara ya Morogoro, ukiisha kupita Magomeni, na sehemu kubwa yake ilijengwa na watu waliotoka bara na pwani kutafuta kazi baada ya Uhuru. Walinunua viwanja kwa wenye mashamba, mbele ya mashahidi, bila hati ya Serikali. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa karibu na hapo katika mwaka 1968 kwa msaada wa China, kiliongeza wapangaji. Katika mwaka 1974 Serikali, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kuiboresha Manzese kwa barabara, maji na taa badala ya kuibomoa. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilikuta katika kata hiyo watu zaidi ya 60,000. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Wilaya ya Kinondoni. Tangu Kinondoni ilipogawanywa imo katika Wilaya ya Ubungo.

Namna ya nyumba zake ina maana katika habari hii. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba kila upande, na uani nyuma yenye jiko na choo vya wote. Kila chumba chaweza kuwa na mpangaji wake, na mara nyingi kuta hazifiki paani. Mithali yasema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika nyumba hizi siri ya mtungi waliijua wapangaji wote. Mwanamke akipigwa usiku, vyumba vitano vilisikia. Kwa hiyo si kweli kwamba mambo haya yalikosa mashahidi kwa kuwa yalifichika. Mashahidi walikuwapo tele. Ila shahidi alikuwa mpangaji, naye aliogopa kugombana na jirani anayechota naye maji kila asubuhi. Tena mpangaji huhama, na shauri likiahirishwa miezi sita, aliyesikia kilio alikwisha kwenda Mbagala au kurudi kwao.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Cheo hicho kilianzishwa na TANU katika miaka ya kwanza ya Uhuru, na ingawa kilikuwa cha chama, katika mtaa kilifanya kazi ya serikali yote. Mjumbe aliwaita mume na mke, akawasikiliza, akamwonya mume, pengine akamtoza kitu, akawapatanisha. Si haki kuyadharau mabaraza yake. Yalikuwa karibu, hayakuwa na gharama kubwa, na yaliweza kukaa usiku uo huo, jambo ambalo mahakama haikuliweza kamwe. Udhaifu wake ulikuwa katika neno suluhu. Suluhu hugawa kosa pande mbili. Mume aliulizwa kwa nini amepiga. Mke naye aliulizwa amefanya nini hata akapigwa, na swali hilo la pili likiisha kuulizwa, kupiga hugeuka kuwa jibu. Pasipo barua ya mjumbe, mwanamke alipofika polisi aghalabu aliambiwa akayamalize nyumbani, kwa kuwa hayo ni "mambo ya ndani."

Sheria ya Ndoa nayo ilijenga ngazi ya namna iyo hiyo. Iliagiza kuwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa katika kila kata, na misikiti na makanisa yaliruhusiwa kuwa na yao. Atakaye talaka mahakamani hana budi kwanza kupeleka shauri barazani, na baraza litoe hati kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Sheria hiyo hiyo yataja ukatili, wa mwili au wa moyo, kuwa dalili mojawapo ya ndoa iliyovunjika, na yampa hakimu uwezo wa kusamehe hatua ya baraza pakiwa na sababu ya pekee. Msamaha huo haukujulikana sana mitaani. Mwanamke aliyekimbia na jeraha kichwani alitakiwa arudi aketi benchi moja na aliyemjeruhi, apatanishwe.

Juu ya yote hayo lilikuwako swali la nyumba. Mwanamke wa Manzese hakuuliza tu ni nani atakayemzuia mume. Aliuliza yeye na watoto watalala wapi. Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Madai Na. 9 ya mwaka 1983, iliamua kuwa kazi za mke za nyumbani, kupika na kulea, ni mchango katika mali iliyochumwa na mume na mke. Hukumu hiyo yasifiwa kila mahali, na yastahili sifa. Husahauliwa kwamba mwanamke aliyeileta rufani hakupata kitu, kwa kuwa Mahakama iliona fungu lake alikwisha kulitumia vibaya. Tena mchango huthibitishwa vipi pale ambapo nyumba yenyewe haina hati? Karatasi ya kuuziana ya Manzese ilikuwa na majina mawili, la muuzaji na la mnunuzi, na sahihi ya mjumbe. Mnunuzi alikuwa mume. Leseni za makazi zilipoanza kutolewa katika miaka ya 2004 na 2005, aghalabu jina lililokuwa katika karatasi ile ndilo lililohamia katika leseni.

Msaada wa wanasheria ulianza mbali na mitaa hii, ingawa si mbali kwa miguu. Katika mwaka 1967 Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu, kilichoko Mlimani, upande wa pili wa Ubungo, kiliunda kamati ya kuwasaidia watu wasio na fedha za wakili. Kamati hiyo ilisaidia watu wa kila aina, na mashauri ya ndoa yalikuwamo. Msaada uliokusudiwa hasa wanawake ulikuja katika mwaka 1989, kwa mpango wa SUWATA, shirika la uchumi la Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Wanasheria wanawake walijitolea saa zao baada ya kazi, na kutokana na mpango huo kikatokea baadaye Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, katika Kinondoni. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kiliundwa wakati uo huo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikafuata katika mwaka 1995.

Upande wa pili walisimama waandishi wa habari. TAMWA, chama cha waandishi wanawake kilichoundwa katika mwaka 1987, kilianza mwaka uliofuata kutoa gazeti liitwalo Sauti ya Siti. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki katika mwaka 1950, aliimba miongoni mwa nyimbo zake habari ya Kijiti, mtu aliyemtendea jeuri na kumwua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha akatorokea bara, na hukumu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Ni vigumu kupata katika Kiswahili mfano wa zamani ulio wazi zaidi wa shauri ambalo mshitakiwa halisi hayumo mahakamani na mashahidi ndio waadhibiwao. Nao ulihifadhiwa na wimbo. Katika mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa Chuo Kikuu alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. TAMWA ilipaza sauti katika magazeti na redio, na katika miaka hiyo hiyo ikafungua kituo cha kuwapokea wanawake waliopatwa na mambo kama hayo. Kituo hicho, kilichojulikana baadaye kwa jina la Kituo cha Usuluhishi, kilikuwa Sinza Mori, mwendo mfupi kutoka Manzese. Laonekana tena neno la mjumbe! Kituo kilichofunguliwa kwa kuwa usuluhishi umeshindwa kiliitwa kwa jina la usuluhishi, na labda bila jina hilo mwanamke asingethubutu kusema nyumbani anakwenda wapi.

Kazi ya vituo hivi kwa siku nyingi ilikuwa kuandika. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri mengi ya ndoa na ya kupigwa huanzia, na ambako lugha imekuwa Kiswahili tangu mahakama hizo zilipowekwa kwa sheria ya mwaka 1963. Mwanamke alilazimika kusema mwenyewe. Kwa hiyo mwanasheria, au msaidizi wa kisheria aliyefundishwa miongoni mwa watu wa mtaa wenyewe, aliketi naye, akamsikiliza tangu mwanzo, akayapanga maneno yake kwa siku na kwa mahali, akamwandikia madai, akamfundisha ajibu lile aliloulizwa tu. Kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini mwanamke aliyezoea kueleza kupigwa kwake kwa kuanza na sababu ya ugomvi (fedha ya matumizi, mke mwenza, chakula kilichochelewa) alikuwa akimpa hakimu udhuru wa mume kabla ya kosa la mume. Msaidizi alimfundisha aanze na pigo.

Ukubwa wa jambo ulipimwa katika miaka ya 2001 na 2002, watafiti wa Muhimbili waliposhiriki katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani. Katika Dar es Salaam wanawake 41 katika kila 100 waliopata kuwa na mume au mwenzi walisema wamewahi kupigwa naye au kuingiliwa naye kwa nguvu. Katika Mbeya walikuwa 56.

Kabla ya hapo, katika mwaka 1998, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ambayo vyama vya wanawake viliidai kwa miaka, nayo hujulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa ambakaye mtoto aliye chini ya miaka 10. Kwa mjuzi wa lugha, jina hilo lina kasoro. Kiambishi -ana chaonyesha tendo la pande mbili, kama kupendana na kusaidiana. Na kosa lenyewe ni kosa kwa sababu upande mmoja haukutenda wala haukutaka. Hata hivyo jina hilo lilikuwa bora kuliko lile lililotumika sana hapo kwanza katika magazeti na barazani, yaani kunajisi. Najisi ni uchafu uondoao tohara. Mwanamke aliyenajisiwa ndiye anayebaki na uchafu, na ndugu zake hutafuta namna ya kumsitiri, pengine kwa kumwoza kwa yule yule aliyemdhulumu. Kubaka, kwa upande wake, ni kitenzi chenye mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Hakimsafishi mtu wala hakimchafui. Chaeleza nani kafanya nini. Kuenea kwa neno hilo ni matunda ya vyama hivi kama ilivyo sheria yenyewe.

Jambo kama hilo laonekana katika jina la aliyetendewa. Tanzania husema mwathirika, umbo la kauli ya kutendeka, lisilodai mtenda. Ukuta huathirika kwa mvua. Kenya yapenda mwathiriwa, umbo la kutendwa, ambalo laacha nafasi ya kuuliza: na nani? Siku za karibu wasaidizi wengi wamechagua manusura, na hapo mtenda ametoweka tena, ingawa aliyenusurika amepata heshima.

Sheria ya 1998 iliacha mlango mmoja. Mume hawezi kushitakiwa kwa kumbaka mkewe ila wakiwa wametengana. Tena, kwa kuwa Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, tendo lililo kosa kwa msichana mmoja halikuwa kosa kwa jirani yake aliyeolewa. Mahakama Kuu ilitamka katika mwaka 2016 kuwa ruhusa hiyo yapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo katika mwaka 2019.

Jambo kubwa katika sheria hiyo, ambalo halikuvumishwa sana kama hesabu ya miaka ya kifungo, ni badiliko la sheria ya ushahidi. Kwa kanuni ya zamani iliyotoka Uingereza, hakimu alionywa asitegemee neno la mwanamke peke yake. Tangu 1998 aweza kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyetendewa tu, akiridhika kuwa asema kweli. Na katika rufani iliyoripotiwa katika mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilikwenda mbali zaidi, ikasema ushahidi wa kweli wa kubakwa sharti utoke kwake mwenyewe. Neno lake, lililokuwa halitoshi, likawa ndilo nguzo. Basi likaja swali: neno gani?

Katika Kiswahili cha adabu, mwanamke au mtoto hataji tupu mbele ya watu wazima. Husema "alinifanyia tabia mbaya," au "alinifanyia matusi," au "alinichezea." Kila asikiaye anafahamu. Lakini sheria yataka ithibitike kuwa mwili umeingia katika mwili, hata kidogo, na hakimu aliyasikia maneno hayo kwa Kiswahili akayaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa kumbukumbu za mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo ziliandikwa kwa lugha hiyo. Tabia mbaya ikawa mwenendo usiofaa. Matusi yakawa maneno ya kutukana. Katika Rufani ya Jinai Na. 170 ya mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kuwa haitoshi shahidi kusema kwa jumla kuwa alibakwa. Sharti aeleze kilichotendeka. Kwa sheria, sababu yake ni nzito, maana mtu asifungwe miaka 30 kwa fumbo. Kwa msichana wa Midizini au Mferejini aliyelelewa kwa stara, ilikuwa kana kwamba aambiwa avunje adabu ili aaminiwe.

Mahakama hiyo hiyo ililegeza baadaye. Katika maamuzi kadhaa, mojawapo likiwa la Rufani ya Jinai Na. 124 ya mwaka 2013, ilisema hakimu atazame hali ya kila shauri: malezi ya shahidi, dini yake, umri wake, na watu wanaomsikiliza, wala si lazima viungo vya siri vitajwe kwa majina. Ni nadra mahakama kuu ya nchi kutoa hukumu juu ya adabu ya lugha, na wasomi wa Kiswahili wangefanya vema kuzisoma hukumu hizi, maana zina maelezo ya tafsida yaliyofanyiwa kazi kwa uangalifu kuliko yapatikanayo katika vitabu vingi vya sarufi.

Karatasi hazikuwa na bahati kama neno. Aliyejeruhiwa au kubakwa alitakiwa kwanza achukue polisi fomu iitwayo PF3, ndipo apimwe hospitali. Kutoka Manzese usiku, kwenda kituoni kisha Mwananyamala, ni safari ya saa nyingi, na dalili za mwilini hazingoji. Fomu ikijazwa na ikafika mahakamani, mara nyingi ilitupwa katika rufani, ama kwa kuwa mshitakiwa hakuambiwa kuwa ana haki ya kutaka daktari aitwe, ama kwa kuwa haikusomwa kwa sauti baada ya kupokewa. Mashauri mengi yalisimama kwa neno la mwanamke baada ya karatasi ya daktari kuanguka. Pengine hili ndilo lililoipa ile sheria ya ushahidi thamani yake halisi.

Polisi nao walibadilika. Polisi wanawake waliunda mtandao wao katika mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata vituo vilianza kuwa na Dawati la Jinsia na Watoto, hata yakafika zaidi ya 400 nchini. Dawati ni meza. Lakini tofauti yake na kaunta ya mbele ni kwamba mwanamke husimulia mlangoni pamefungwa, kwa mtu mmoja, badala ya kusimulia mbele ya waliokuja kuripoti simu zilizoibwa. Jinsia, neno lililoenezwa na TGNP na wenzao katika miaka ya 1990, liliingia hivyo katika vibao vya vituo vya polisi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ikawataka waandikishwe, ikawakataza kudai malipo na kumwakilisha mtu mahakamani. Kwa hiyo kazi yao ilibaki ile ile ya tangu mwanzo: kusikiliza, kueleza, kuandika. Na katika mwaka 2021 Bunge likabadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa sababu za pekee.

Badiliko hilo lawahusu wanawake wa sasa. Waliotangulia hawamo. Majalada ya mashauri ya Kinondoni ya miaka ya 1970 hata ya 2010, yale yaliyopanda juu ya Mahakama ya Mwanzo, yana ushahidi wao kwa Kiingereza cha mahakimu, mfupi na safi, usio na "tabia mbaya" wala "matusi." Wanawake hao walisema kwa Kiswahili, pengine kwa Kizaramo kilichotafsiriwa papo hapo na karani, na atakayetaka kujua walitumia maneno gani itampasa awatafute wale walio hai bado, na wasaidizi waliowaandikia, kabla kizazi hicho hakijapita.